Ufunguo Juu ya Pini

9 Februari

Kaka,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mimi ni mzima, na Mama ni mzima isipokuwa goti, ambalo huuma akiombwa kwenda asikotaka na hupona akisikia kuna sherehe. Anakusalimu na anauliza kama unakula. Nimemwambia mtu anayegomba kwa sauti ile hawezi kuwa na njaa.

Naandika kwa sababu kwenye simu tunafika kwenye ugomvi kabla ya salamu kuisha. Karatasi angalau haikatizi maneno.

Kuna gari limeingia gereji, lile la dizeli la Mkunga. Mkanda wa taimingi, ule unaounganisha shafti ya chini na ya juu, umeanza kupasuka kingo na umri wake umepita zamani. Ukikatika njiani, vali zinagonga pistoni na injini imekwisha, na wewe unajua Mkunga huwa anakimbilia wapi na gari hilo. Fundi wa jirani, huyu tunayemwita Rangi, amejitolea kuifanya kazi kwa rangi ya kucha ya mke wake. Anatia alama kwenye pulei kabla ya kufungua, anazirudisha alama mahali pake, basi. Nimemkatalia. Kwenye injini ile pulei ya chini haishikwi na kijino chochote. Ukilegeza bolti inazunguka yenyewe inavyotaka. Alama zitakuwa mahali pake na shafti itakuwa pengine.

Dawa ni moja tu, kuzifunga shafti ya chini na ya juu zisicheze kabisa wakati mkanda umetoka. Na vifaa vya kufungia vya Baba unajua vilivyokwenda. Baba Mdogo alipogawa vitu vya marehemu alihesabu tu: vipande vinne, viwili kwako, viwili kwangu, haki imetendeka. Wewe ukapata pini ya chini na mkono wa kushikia pulei. Mimi nikapata pini ya juu na kipete cha shaba ambacho hakuna aliyejua ni cha nini. Ni kama kugawana suruali, kila mtu mguu mmoja.

Dukani vifaa hivyo havipo. Wakala wa magari yale anavyo lakini hauzi, anataka gari liende kwake likakae foleni. Naomba uniazime vyako. Mpe dereva wa lori la mizigo, nitavirudisha kwa mkono wake huyo huyo.

Mdogo wako,
Kidole


21 Februari

Kidole,

Barua yako imenikuta salama, nami nakula. Mwambie Mama mkanda wangu wa suruali umehamia tundu jingine. Goti lake alipeleke kwa daktari, asiwape majirani kazi ya kulikanda.

Sikuazimi. Usinune kwanza, sikiliza. Hapa yadi ya magari ninapofanya kazi nimepata jina kwa kazi ya mikanda, na jina lenyewe limetokana na vipande hivyo viwili. Pini ya juu nilijitengenezea kwa shingo ya bolti. Meneja ameahidi kuniletea gari lake mwenyewe, na siku atakayolileta nikiwa mikono mitupu nitamwambia nini? Kwamba nimemwazima dada yangu?

La pili unalijua. Baba Mdogo amempata mtu anayekitaka kiwanja cha gereji, na anangoja sahihi zetu mbili. Yangu iko tayari. Ufunguo wa pili wa lango ninao bado, na unanitoboa mfuko. Watu walikuja kwa Baba kwa ajili ya mikanda. Kumwaga oili kila mtu anaweza. Kama mikanda huiwezi, unalinda nini hapo, kuku wa jirani?

Basi tuafikiane. Fanya gari la Mkunga kwa vifaa ulivyotengeneza mwenyewe. Likikaa barabarani mpaka mvua ziishe bila kukohoa, sitataja kuuza tena. Likifa, utaweka sahihi na hutanililia. Na usije ukasema nimekunyima kila kitu: pini ya chini nimekupimia. Unene ni milimita sita na nusu, urefu ni wa kiganja changu. Baba alikuita Kidole kwa sababu mkono wako ulipita pasipopita spana. Tuone sasa kama mkono huo unajua pia kutengeneza.

Kaka yako


4 Machi

Kaka,

Natumaini u mzima. Sisi hatujambo. Mama amesoma barua yako mara mbili, ya pili kwa sauti, akasema unaandika kama baba yako alivyokuwa akiwajibu wateja wenye haraka.

Nimekubali. Sahihi yangu utaiona gari la Mkunga likifa, si kabla.

Nilianza na mkono wa kushikia pulei. Nilikata bapa la chuma kutoka kwenye kitanda kibovu, nikatoboa matundu mawili, nikatia bolti mbili ziwe meno. Ulikuwa mfupi. Badala ya kutengeneza mwingine nikafanya uvivu: nikalegeza bolti ya pulei huku pini ya juu ya Baba ndiyo inayoshikilia. Ikapinda. Ufunguo wa gari ulikuwa umening'inia juu ya pini ile, kama tulivyofundishwa, na nilipousikia unagonga nikajua nimeharibu. Unakumbuka kanuni zake. Pini ikiwa ndani ya injini, ufunguo wa gari unakaa juu ya pini, asije mtu akawasha. Aliyeuweka ndiye anayeutoa. Ufunguo ukiwa juu ya pini, kazi haijaisha. Na ile nyingine aliyotuimbia mpaka tukaichoka, kwamba pini haishikilii nguvu, pini inashikilia mahali.

Nimelia kidogo, sikufichi. Halafu nimepiga moyo konde. Sasa sina kipande chochote cha Baba isipokuwa kile kipete, kwa hiyo natengeneza vyote. Mkono wa pili ni mrefu kama mguu wa kiti na haupindi hata ukiukalia. Kwa pini sina mashine ya kukereza, basi nimejitungia yangu. Naikata kichwa bolti ndefu, naibana kwenye drili ya umeme, drili yenyewe naibana kwenye jiliwa, inazunguka huku naisogezea tupa na baadaye msasa. Nikizima nangoja chuma kipoe ndipo napima, maana kikiwa cha moto kinadanganya. Tatu za mwanzo nimezitupa.

Rangi alikuja kuchungulia akaniuliza kama ni vijiti vya kuchokolea meno ya tembo. Alinishauri nichomeke tu mkia wa kipande cha drili, kile kijiti cha kutobolea, yaishe. Nikamwambia chuma kile ni kigumu kuliko injini, kikikatikia ndani hakitoki. Baba alitaka pini iwe laini, ikitokea balaa iumie pini. Rangi alisema mimi na marehemu tuna kichwa kimoja, akaenda zake. Alidhani ni tusi.

Mkunga naye alipita. Nilianza kumwomba radhi kwa kuchelewa, akanikata kauli akasema kazi yake yote ni kungoja kitu kitoke kikiwa tayari. Kwa sasa anapanda pikipiki ya shemeji yake na mgongo unamuuma, lakini hatanisukuma.

Kesho pini ya sita na nusu inaingia kwenye tundu.

Mdogo wako,
Kidole


6 Machi

Kaka,

Sisi wazima, nawe uwe mzima. Nimemwambia dereva barua hii ni ya haraka. Isome kabla ya kugusa gari lolote.

Pini ya sita na nusu imeingia na flaiwili, lile gurudumu zito la shafti ya chini, imefungika, haiendi mbele wala nyuma. Mtu mwingine angeshukuru na kufungua mkanda. Lakini nilipoigusa kwa kidole ilicheza pale inapopita kwenye ukuta wa injini, kama mguu ndani ya kiatu cha mkubwa. Sikuipenda. Nikachukua mikia ya vipande vya drili, kwa kupimia tu, nikajaribu kimoja kimoja. Wa milimita nane ulipita kwenye ukuta bila kucheza, lakini kwenye flaiwili ukagoma. Nikaizungusha flaiwili taratibu huku nausukuma, na pembeni kidogo ukazama wenyewe mpaka mwisho.

Umeelewa? Flaiwili ile ina matundu mawili yaliyo jirani. La milimita nane ndilo la kufungia. Lile jingine ni dogo, lilitobolewa kiwandani kusawazisha uzito, halina kazi na mkanda. Pini nyembamba inaingia kwenye lolote kati ya hayo, na likiwa la uongo, injini inafungika vizuri kabisa mahali pasipo pake.

Nilichofikiri ni kwamba umenipa kipimo kibaya makusudi ili nishindwe. Niliingia ndani nikamwambia Mama hivyo hivyo. Alikuwa anachagua mchele. Hakunitazama usoni, alitazama funguo za lango mkononi mwangu, na kile kipete cha shaba nilichokitia humo kama pambo tangu siku ya mgawo.

"Hicho unakitumia kwa nini?" akaniuliza.

"Si cha kitu, Mama. Ndilo fungu langu."

"Baba yako hakuwa mtu wa mapambo. Hicho alikuwa akikivua kwenye funguo kila likija gari kama la Mkunga, na jioni anakirudisha. Siku hizo funguo zilikuwa hazilii akitembea, ndiyo maana nilikuwa najua."

Nimekipima. Tundu lake la ndani ni sita na nusu, nje ni nane. Ni soksi ya pini yako, Kaka. Baba alitengeneza pini moja kwa injini za aina mbili: za tundu dogo inaingia tupu, za tundu kubwa inavaa kipete, na ikivaa kipete haiwezi tena kuingia kwenye tundu la uongo. Baba Mdogo akagawa mguu huku na soksi kule.

Kipimo chako kilikuwa cha kweli. Nisamehe kwa niliyokusemea. Lakini tangu mgawo wewe unatumia pini bila soksi, na kama bado hujaharibu gari la mtu ni kwa sababu hujaletewa injini ya aina hii. Gari la meneja ni la aina gani? Likishafungwa mkanda usiliwashe. Lizungushe kwanza kwa spana, kwa mkono wako, mizunguko miwili kamili. Likigoma popote, usilazimishe.

Mdogo wako,
Kidole


17 Machi

Kidole,

Natumaini nyote wazima. Mimi mwili hauna neno, ila chakula siku hizi hakipiti vizuri. Mama usimwambie.

Barua yako ilinikuta nimeshafunga mkanda wa gari la meneja. Ni la aina ile ile. Pini ilikuwa imetoka, ufunguo nimeushika mkononi, meneja amesimama kando na mikono nyuma, na nusu ya mafundi wa yadi wamekuja kutazama maana nilikuwa nimejisifu. Dereva wa lori akapita akiniita, barua ya haraka kutoka nyumbani. Nikadhani Mama amepatwa na jambo. Nikaifungua pale pale na mikono yangu ya grisi. Nilipoona ni habari za matundu nilikasirika, nikataka kuitia mfukoni niwashe gari. Kisha nikafika pale penye funguo zisizolia, nikashindwa kuendelea kukasirika.

Nikautia ufunguo mfukoni nikachukua spana. Mafundi wakacheka, kwamba naogopa gari la bosi. Mzunguko wa kwanza haukufika mwisho. Nilisikia kwenye mkono, chuma kimeegemea chuma. Ningewasha, vali zote zingekuwa zimepinda.

Nilimwambia meneja mkanda haujakaa na gari halitoki leo. Amekunja uso na hajaukunjua mpaka sasa. Kila asubuhi anapita, analitazama gari lake juu ya magogo, ananitazama mimi. Nimejaribu kuchonga kipete kwa kipande cha bomba, kikatoka kama yai.

Najua nilikuandikia nini mwezi uliopita. Nakuomba kipete.

Kaka yako


24 Machi

Kaka,

Shikamoo kutoka kwangu, na Mama anakuambia ule. Sikumwambia kitu, amejijulia mwenyewe kwa mwandiko wako.

Kipete sikupi. Usinune kwanza, sikiliza.

Kwenye kifurushi hiki kuna pini ya nane, nzima, isiyohitaji soksi. Hiyo haingii kwenye tundu la uongo hata ukiigonga kwa nyundo, na usiigonge kwa nyundo. Kuna pini ya juu, na kuna mkono wa kushikia pulei kutoka mguu wa pili wa kile kitanda. Kila kipande nilikuwa natengeneza viwili, kwa sababu cha kwanza huwa cha kujifunzia. Safari hii vya kwanza na vya pili vimetoka sawa na nikakosa cha kutupa. Vitambaa vyekundu kwenye pini ni vya kanga kuukuu ya Mama, ili usisahau pini ndani. Amekata mwenyewe, vikatoka na pindo.

Gari la Mkunga lilimalizika juzi. Nilizungusha kwa mkono mizunguko miwili, kisha miwili mingine kwa sababu ya barua yako. Ikapita laini. Nikautoa ufunguo juu ya pini, nikampa mwenyewe awashe. Rangi alikuwa amesimama mlangoni akingoja nife aibu. Likashika mara moja. Mkunga alishuka akainama kwenye injini, akasikiliza na kichwa upande, akasema, "Amelia vizuri." Halafu akaondoka mbio, maana simu yake ilikuwa inaita.

Rangi ameviomba kwa mkopo vifaa vyangu. Nimemwambia injini ije hapa, vifaa havitembei. Kwa hiyo tayari amenilaani na ameniletea gari.

Mvua zimeanza jana. Mapatano yetu nayakumbuka.

Mdogo wako,
Kidole


28 Juni

Mdogo wangu,

Natumaini barua hii itawakuta mkiwa na afya njema, goti nalo likiwamo. Mimi ni mzima na nakula tena.

Nimechelewa kuandika. Ulipiga, sikupokea. Nilikuwa nangoja mvua ziishe kama tulivyosema. Sasa zimeisha. Mkunga nilimpigia mwenyewe, sikutaka kukuuliza wewe. Amesema gari halijakohoa hata siku moja, limepita kwenye matope yote ya msimu huu, na watoto waliozaliwa hajawahesabu. Amesema kinachokohoa ni wewe, kwa vumbi la tupa, na nikuambie ujifunike pua.

Gari la meneja lilitoka siku mbili baada ya kifurushi chako. Nilizungusha kwa mkono mbele yao na hakuna aliyecheka. Sasa hapa yadi hakuna mkanda unaofungwa bila ufunguo kukaa juu ya pini. Wananiuliza nimeisoma wapi kanuni hiyo. Nawajibu kwamba nyumbani.

Baba Mdogo nimemwambia amwambie mtu wake atafute kiwanja kingine. Alipiga kelele, nikamwacha amalize. Nilichokosea si kutaka kuuza. Nilidhani gereji ilikuwa vile vipande vinne, na vikigawanyika basi na yenyewe imekwisha. Wewe ulipinda kipande, ukatupa vitatu, ukaendelea. Mimi nilivishika vyangu viwili kama hirizi na nusura niliue gari la mtu.

Nakurudishia pini ya Baba na mkono wake. Pini irudi kwenye soksi yake. Ufunguo wa lango nimeuning'iniza hapo hapo kwenye pini usije ukapotea njiani. Gereji ni yako. Nikija siku moja nitagonga kama mteja.

Kaka yako


5 Julai

Kaka,

Tu wazima. Kifurushi kimefika, na dereva wa lori anasema amechoka kubeba vyuma vya familia moja.

Pini imeingia kwenye kipete bila kucheza. Nilifunga mlango kwanza, nikakaa nayo. Kisha nimevipigilia msumari ukutani juu ya meza ya kazi, vipande vyake vitatu, na ile pini iliyopinda nimeitundika pembeni ili nisisahau uvivu wangu.

Ufunguo sijautoa. Umesahau alichotufundisha Baba, au umekumbuka ukajifanya umesahau. Ufunguo ukiwa juu ya pini kazi haijaisha, na aliyeuweka ndiye anayeutoa. Nimeuacha pale pale ulivyoufunga. Rangi alitaka kuushika nikampiga kofi mkononi.

Sikutaki kama mteja. Kuna magari mawili ya dizeli uani, moja nimeshalifungua na mikono yangu miwili haitoshi. Lango liko wazi mchana kutwa, huna haja ya kugonga.

Nimemsomea Mama barua yako na hii yangu. Anasema goti limepona.

Mdogo wako,
Kidole